Mstari unatembea, kipele kimetulia: dada yangu, hao ni wadudu wawili tofauti

Dada yangu pole sana, muwasho wa kukunyima usingizi siku tano mfululizo sio kitu kidogo, na hapo bado unaamka kunyonyesha. Naurudia ujumbe wako kwa kifupi ili na wengine wenye shida kama hii wafuate vizuri. Umesema ulikaa bichi siku kumi, muda mwingi peku, na sasa una siku tisa tangu urudi. Unyayo wa kushoto, pale kwenye upinde, kuna mstari mwekundu uliojikunjakunja kama uzi ulioangushwa chini, umeinuka kidogo na unawasha hasa usiku. Mguu wa kulia, pembeni ya ukucha wa kidole cha mwisho, kuna kiuvimbe cheupe saizi ya punje ya dengu chenye kidoa cheusi katikati, chenyewe kinauma zaidi kuliko kuwasha hasa ukivaa kiatu. Duka la dawa wamekupa krimu ya fangasi, umepaka siku tano hamna kitu, mumeo anasema lete pini tuchimbe vyote viwili yaishe. Na unauliza ni vitu gani hivyo, je vinaweza kuingia kwenye damu, na je mtoto wako wa miezi nane anaweza kuambukizwa.

Naanza na pini. Mwambie shemeji aiweke chini kwanza, nia yake nzuri lakini kwa huo mguu wa kushoto atakuumiza bure na kwa huu wa kulia anaweza kukuharibia kidole. Kwa maelezo yako na zile picha mbili, nina uhakika mkubwa kwamba una wageni wawili tofauti kabisa, mmoja kila mguu. Wa kushoto anatembea, wa kulia ametulia. Anayetembea anatibiwa kwa dawa na hachimbwi, aliyetulia anatolewa kwa mkono na vidonge havimfanyi kitu. Watu wengi wanageuza, wanachimba ule mstari mpaka unyayo unakuwa kidonda, alafu kile kipele wanakimezea vidonge wiki nzima, kwahiyo naomba unisome polepole hapa.

Tuanze na mstari. Hiyo ni njia aliyopita buu wa minyoo ya mbwa na paka, ni ndugu wa ile minyoo ya safura ya binadamu, na anayeleta hali hii mara nyingi kitaalamu anaitwa Ancylostoma braziliense. Mbwa au paka mwenye minyoo anajisaidia mchangani, mayai yakikuta joto, unyevu na kivuli yanaanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na baada ya kama siku 5 mpaka 10 buu anakuwa tayari kuingia kwenye ngozi, na akipata mazingira mazuri anaweza kukusubiri hapo wiki tatu hadi nne. Kinyesi chenyewe unaweza usikione kabisa maana kimeshasambaratika zamani, ndo sababu watu wanabisha, wanasema mbona mchanga ulikuwa msafi. Buu mwenyewe ana urefu wa kama nusu milimita, anapenya wakati umesimama au umekaa na wala huhisi kitu, wengine wanahisi kama kuchomwachomwa kidogo tu wanasahau. Siku chache baadaye, au hata wiki chache, ndo mstari unaonekana, kwahiyo kuanza ukiwa umesharudi nyumbani ni kawaida kabisa.

Sasa swali lako la damu. Kwa mbwa, buu huyu anatoboa ngozi mpaka ndani, anaingia kwenye damu, anapita mapafuni, anamezwa na kufika utumboni, huko ndo anakomaa. Kwa binadamu anakwama. Chini ya tabaka la juu la ngozi yetu kuna utando unaolitenga na nyama yenye mishipa ya damu, na buu huyu hana vimeng'enya vya kuuvunja utando huo kwa mtu. Yani ameingia nyumba siyo, mlango wa ndani umefungwa, basi anazunguka hapohapo anatafuta njia, milimita chache kwa siku, wengine hadi sentimita moja au mbili. Ule mstari uliojikunja ndo kuhangaika kwake, na muwasho ni mwili wako unapigana na vitu anavyoviacha nyuma. Kwahiyo hapana, hatafika moyoni wala kwenye ubongo, hatazaana ndani yako, na hata usipofanya lolote atakufa mwenyewe ndani ya wiki kadhaa au miezi michache. Kuna watu wachache sana, hasa walioingiwa na mabuu mengi kwa mara moja, wanaopata kikohozi kikavu na kubanwa kifua, hao waende hospitali, lakini kwa mstari mmoja kama wako sitegemei hilo.

Usije ukasema basi ngoja nimsubiri afe. Miezi ya kujikuna usiku ni mingi, na kucha zikishachana ngozi bakteria wanaingia, na hapo ndo tunaona miguu imevimba na usaha, kitu ambacho buu peke yake asingekileta.

Kama bado una wasiwasi kwamba labda ni fangasi, fanya hivi leo usiku. Chukua kalamu ya wino, weka alama ndogo pale mstari unapoishia, andika na saa, piga picha. Kesho saa hiyohiyo angalia tena. Mstari ukiwa umeivuka alama, hakuna fangasi duniani anayekwenda hivyo. Fangasi wa mguu anapenda katikati ya vidole, ngozi inakuwa nyeupe kama imelowekwa, inabanduka, inanuka, au anapanda pembeni ya unyayo ngozi inakuwa kavu yenye unga unga, na akifanya duara linapanuka kwa wiki sio kwa siku. Mstari wako hauna magamba, umeinuka kama uzi chini ya ngozi. Simlaumu aliyekupa krimu, naelewa kabisa ilivyokuwa, mtu kaona wekundu na muwasho mguuni akafikiri kitu anachokiona kila siku. Mimi mwenyewe mwanzoni kabisa mwa kazi nilimpa kijana mmoja dawa ya fangasi wiki mbili kwa mstari kama huu, na alirudi umeshazunguka kisigino kizima, tangu siku ile mgonjwa wa mguu nikimuona swali la kwanza ni "umetoka wapi na ulivaa nini miguuni". Krimu yako haijakudhuru, iache tu. Ila kama ndani yake kuna stiroidi, yani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, na krimu nyingi za mchanganyiko huwa nayo, usiendelee nayo kwa mazoea, itapunguza muwasho kwa muda huku buu anaendelea na safari, na siku ukipata fangasi kweli itamficha asijulikane.

Kwa nini usichimbe? Kwa sababu buu hayupo pale unapoona mstari unaishia. Wekundu unachelewa, mwenyewe yuko mbele kwa sentimita moja au mbili hivi kwenye ngozi inayoonekana nzima kabisa, na huwezi kujua amekata kulia au kushoto. Hata sisi hatukati kipande cha ngozi kupeleka maabara maana tunamkosa, ugonjwa huu tunautambua kwa macho na kwa historia ya safari, basi. Na kumgandisha kwa baridi kali kama zamani, nayo iache, inaacha malengelenge yenye maumivu na buu mara nyingi anapona.

Dawa yake ni ivamektini, dozi moja, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito wako. Mtu wa kilo 60 inakuwa miligramu 12, yani vidonge vinne vya miligramu 3, unakunywa kwa maji tumbo likiwa tupu. Dozi hiyo moja inaponya zaidi ya watu 9 kati ya 10, muwasho unaanza kushuka ndani ya siku mbili tatu na mstari unafifia kwa kama wiki moja au zaidi kidogo, usishtuke ukiuona bado upo siku ya nne, kinachotakiwa ni usiende mbele. Ukisonga tena, dozi ya pili inatolewa. Isipopatikana kuna albendazoli miligramu 400 kwa siku, kuanzia siku 3 hadi 7, na hii tofauti na ile inataka chakula chenye mafuta ndo iingie vizuri mwilini, watu wanachanganya hapo wanakunywa kinyume alafu wanasema dawa imeshindwa.

Kuna wanaoiogopa ivamektini kwa kuwa wanaijua kama dawa ya mifugo. Ni kweli mifugo inapewa, lakini mamilioni ya watu wameinywa kwa miaka mingi dhidi ya usubi (upofu wa mtoni) na matende, na Satoshi Ōmura na William Campbell walioleta familia ya dawa hii walipewa tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2015. Usichotakiwa kufanya ni kununua ile ya ng'ombe yenyewe ukajipimia, nguvu yake sio ya binadamu. Alafu mwambie daktari kama umewahi kuishi au kukaa muda mrefu kwenye misitu ya Afrika ya Kati, maana huko kuna minyoo ya jicho aina ya Loa loa, na mtu mwenye wengi sana kwenye damu akinywa ivamektini anaweza kupata madhara makubwa ya ubongo, huyo anapimwa damu kwanza.

Na wewe unanyonyesha, hilo liseme kabla hata hujakaa kwenye kiti. Ivamektini inapita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, na kwenye kampeni za kugawa dawa kwa jamii nzima anayeachwa ni mama mwenye mtoto wa chini ya wiki moja, wako ana miezi nane. Wapo madaktari watakaokupa bila tatizo, wapo watakaopenda albendazoli, na wapo watakaokuandikia albendazoli ya kupaka ya asilimia 10, inapakwa kwenye mstari na kuuzunguka kwa kama siku 10, ni ya polepole lakini inafaa kwa mstari mmoja na tunaitumia hata kwa watoto wadogo. Uamuzi huo ni wa anayekuona na kukupima, mi nakutajia njia tu ili usiondoke mikono mitupu ukiambiwa eti kwa kuwa unanyonyesha hamna dawa. Mjamzito yeye ni tofauti, vidonge hivi vyote viwili tunajaribu kumuepusha navyo, hasa miezi mitatu ya kwanza.

Haya, tuhamie mguu wa kulia. Kipele cheupe chenye kidoa cheusi pembeni ya ukucha, kwa mtu aliyekuwa peku mchangani wiki moja mbili zilizopita, huyo ni funza. Na hapa niseme kuhusu jina maana linawachanganya watu mpaka vyumba vya daktari: kuna wanaomwita tekenya, kuna wanaomwita funza, na neno hilohilo funza wengine wanamaanisha buu la nzi linaloota kwenye nyama. Ninayemsema ni kiroboto, Tunga penetrans, mdogo kuliko viroboto wote, kama milimita moja. Huyu mdudu mwenyewe alikuja kwa safari. Kwao ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, na mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell iliyotoka Brazil ilimleta Ambriz, Angola, kwenye mchanga wa kuipa meli uzito, na kwa misafara ya biashara na wapagazi alikata bara zima mpaka pwani ya mashariki kabla karne ile haijaisha. Kwahiyo ukiambiwa ni ugonjwa wa watu wachafu au maskini usikubali aibu hiyo, anaingia kwenye mguu wowote ulio wazi, wa mgeni wa siku tatu na wa mwenyeji. Tofauti ni kwamba mgeni anaondoka na mmoja au wawili, mwenyeji anayelala kwenye sakafu ya vumbi anaweza kuwa nao makumi, mpaka anashindwa kutembea, na huyo anahitaji msaada sio kuchekwa.

Anayeingia ni jike. Anatanguliza kichwa, anajizika kwenye ngozi na kuacha nje sehemu ya nyuma tu. Kidoa cheusi unachokiona ndo hiyo, hapo anapumulia, hapo anatolea uchafu na mayai, hata dume linamfuata hapohapo. Siku ya kwanza na ya pili unaona kidoa chekundu kinachowasha, ungedhani mbu. Kisha anaanza kuvimba kwa mayai, tumbo linakua hadi kufikia saizi ya njegere, ngozi juu yake inanyooka na kuwa nyeupe na inauma kwa sababu ya mgandamizo, hasa chini ya ukucha. Hapo ndo ulipo wewe. Kwa wiki kama mbili tatu anatoa mayai, alafu karibu wiki ya nne hadi ya tano anakufa hapohapo, panakuwa na ganda jeusi ambalo mwili unalitoa polepole. Ukimsubiri ataisha mwenyewe lakini kinachotutisha ni tundu aliloliacha wazi muda wote huo, ni mlango wa bakteria, na pepopunda ikiwemo.

Kwahiyo huyu anatolewa, ila kwa utaratibu. Nenda kituo cha afya, kazi ni ya dakika chache. Kwa ufahamu wako tu, mguu unalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kama dakika 10 au 15 ngozi ilainike, panasafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kwa sindano mpya iliyofungwa tundu linapanuliwa kuzunguka kidoa cheusi, kidogo kidogo, mpaka kifuko chote kinachomoka kizima. Kizima ndo neno. Kikipasuka vipande vikabaki ndani mwili unavikasirikia, na mdudu huyu ana bakteria wake anaoishi nao ndani, panavimba vibaya kuliko mwanzo. Hii ndo sababu nimemzuia shemeji, sio kwamba hawezi, ila pembeni ya ukucha kwa taa ya chumbani na pini ya nguo ni rahisi sana kukipasua. Baada ya hapo panasafishwa, panapakwa dawa, panafungwa, na wanaangalia chanjo yako ya pepopunda, kama hukumbuki ya mwisho ilikuwa lini sema hukumbuki, watakuchoma. Mdudu aliyetolewa asitupwe chini, tumbo limejaa mayai, atiwe kwenye spiriti au achomwe moto. Na sindano moja mguu mmoja mtu mmoja, tusipokezane, damu ikigusana kuna virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI.

Mafuta ya taa, petroli, dawa ya kuulia wadudu wa shambani, tafadhali hapana. Nimeona vidole vilivyoungua hadi nyama kwa kidonda ambacho kingekuwa tundu la milimita mbili. Kwa mtu mwenye wengi, au asiyetaka sindano, dawa ninayoipenda ni dimetikoni, mafuta mepesi ya silikoni ambayo hayana sumu yoyote, ukiyadondoshea pale kwenye kidoa yanapenya lile tundu dogo na kumziba pumzi. Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa 2014 ulilinganisha dawa hii na ile ya kuloweka miguu kwenye permanganeti (dawa ya zambarau ya kuua vijidudu), siku ya saba funza 78 kati ya kila 100 waliopakwa dimetikoni walikuwa hawana dalili ya uhai, wa permanganeti ni 39. Ivamektini ya vidonge ilishajaribiwa kwa funza nayo, haikuwa bora kuliko vidonge visivyo na dawa, kwahiyo ukinywa kwa ajili ya mguu wa kushoto usitegemee imalize na wa kulia.

Mtoto. Hapa pumua kabisa, humuambukizi. Yule buu wa mguu wa kushoto hawezi kutoka kwenye ngozi yako kwenda kwa mwingine, njia ni kinyesi cha mbwa au paka, mchanga, ngozi, basi. Funza naye haruki kutoka mguu hadi mguu, mayai yake lazima yaanguke kwenye udongo au mchanga mkavu wenye joto, yaanguliwe, yapitie hatua zake wiki tatu nne hivi ndo atoke kiroboto mpya. Kwenye sakafu ya vigae inayofagiliwa hiyo safari haipo. Weka plasta juu ya kipele mpaka kitolewe, kama nyumba ina sakafu ya udongo basi hiyo plasta ni lazima, na mbebe mwanao bila hofu. Ila kama na yeye alikuwa anatambaa mchangani huko, mvue nguo mwangalie mwili mzima, sio miguu tu: magoti, makalio, viganja, maana mtoto anagusa mchanga kwa kila kitu.

Kuna vitu vingine vinavyofanana na hivi, navitaja haraka kwa ajili ya wasomaji wengine. Mstari unaokimbia, yani sentimita kadhaa kwa saa na sio kwa siku, mara nyingi makalioni, mapajani au tumboni, huyo ni mnyoo mwingine, anaitwa strongiloidi, na huyu kweli anaingia ndani na anaweza kukaa mwilini miongo, wanajeshi waliokuwa mateka Asia wakati wa vita vya pili vya dunia walikutwa naye miaka zaidi ya 40 baadaye. Ukiwa naye ukapewa vidonge vya stiroidi kwa ugonjwa mwingine anaweza kulipuka na kuua, kwahiyo huyo asipuuzwe hata kama hawashi sana. Jipu lenye tundu katikati linalotoa majimaji, na ukitulia unahisi kitu kinajinyonganyonga, hilo ni buu la nzi, linapakwa mafuta mazito ya kujipaka likose hewa, likichungulia linabanwa taratibu litoke zima. Upele wa kawaida una vijia vifupi vya milimita chache tu, uko hata viganjani na kiunoni, na nyumba nzima inajikuna. Vipele vilivyotokea saa chache baada ya kukanyaga maji ya ziwa au mto, vikaishia pale maji yalipofika, vinaweza kuwa vya vimelea vya kichocho, huyo apime hata kama vimepotea. Na kidonda kisichopona wiki nyingi baada ya safari, kingo zimeinuka, hakiumi sana, kinahitaji kuonwa maana kinaweza kuwa lishimania, ugonjwa wa vimelea unaoletwa na usubi wa mchangani, hiyo hakuna krimu ya dukani itakayoigusa.

Usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo ukiona wekundu unapanda mguu, mguu umekuwa wa moto na kuvimba, usaha, homa, au tezi za kinenani zimeuma. Na mwenye kisukari au mwenye ganzi miguuni asiguse hata kimoja cha hivi nyumbani, aende na mguu wake kama ulivyo.

Safari ijayo mambo ni machache. Viatu mpaka ukingoni mwa maji, na kwa funza viatu vya kufunika ni bora kuliko kandambili maana mchanga unapanda pembeni. Ukitaka kutembea peku tembea pale mchanga ulioloweshwa na mawimbi, sio juu kwenye mchanga mlaini wa kivulini ambapo mbwa na paka wanapapenda kwa sababu zilezile unazopapendea wewe. Usilale moja kwa moja mchangani, na taulo jembamba halitoshi, tafuta kitanda au mkeka mnene. Na kila jioni kaa chini dakika mbili uangalie katikati ya vidole na kuzunguka kucha, funza wa siku ya kwanza anatoka kirahisi kuliko wa siku ya kumi.

Kwa sasa, kesho asubuhi: kata kucha fupi, osha miguu, kausha, weka plasta kwenye kipele, krimu ya fangasi iweke kando, kitambaa kilicholowa maji baridi juu ya mstari kitakupunguzia muwasho usiku, na kama huwezi kulala muulize daktari kidonge cha mzio kinachofaa kwa anayenyonyesha. Ukifika mwambie maneno haya manne kabla hajauliza: nilisafiri, nilikuwa peku, mstari unasogea, nanyonyesha. Muonyeshe picha yenye alama ya kalamu. Na siku ya tatu baada ya dawa nitumie picha nyingine, mguu wa kushoto kutoka palepale ulipopiga ya kwanza, nataka kuona kama ile alama imevukwa.